Mzee wa Stoo na Likizo ya Mwaka 1900

Ofisini kwetu mimi ndiye fundi wa Excel, ile programu ya majedwali ya kompyuta. Sikusomea. Siku moja niliifungia safu ya juu kwenye faili ya mhasibu, ile yenye vichwa, ikatulia pale pale huku majina yakishuka chini yake, na waliokuwa wamesimama nyuma yangu wakashangilia. Tangu siku hiyo hata printa ikigoma naitwa mimi.

Basi bosi akaniita kwa habari ya likizo.

"Ile orodha yako ina mambo mengi, inaniumiza kichwa," akasema. "Nitengenezee shiti yangu humo humo. Jina, tarehe ya kuanza, siku ngapi, na zile rangi zako. Ukibadilisha kwako, kwangu ibadilike yenyewe."

"Hilo dogo, bosi."

Kabla sijaendelea, niseme kuhusu hizo rangi, maana ndizo zilizoniponza. Kijani: amekubaliwa. Manjano: asubiri. Nyekundu: amekataliwa. Hakukuwa na kolamu yoyote iliyoandikwa hivyo. Uamuzi wote wa watu 46 ulikuwa ndani ya rangi, na maana ya rangi ilikuwa ndani ya kichwa changu. Niandike ya nini, na macho yanaona?

Nikafungua shiti mpya, yaani ukurasa mwingine ndani ya faili ile ile, nikaiita Bosi. Seli ya kwanza, yaani kile kijumba cha jedwali, nikaandika fomula =Likizo!A2, maana yake leta kilichomo kwenye seli A2 ya orodha yangu, shiti ya Likizo. Jina likaja. Nikaikamata ile kona ya seli, nikaburuta kulia, nikaburuta chini hadi safu ya 47. Majina yote yakaja, yamepangana kama askari kwenye gwaride. Na yote meupe. Hakuna kijani, hakuna nyekundu, hata mstari wa chini ya vichwa haukuja.

Nilidhani nimekosea kuandika. Nikafuta, nikaandika tena. Meupe. Fomula, kumbe, ni mtoto uliyemtuma kwa jirani akaulize jambo: anakurudia na jibu, haji na nguo za aliyemjibu. Thamani ya seli inasafiri. Rangi, mistari na wino mzito vinabaki nyumbani kwao.

Tarehe nazo zilikuwa na kituko chao. Kabla ya yote nilikuwa nimeiweka shiti nzima ya bosi kwenye umbo la namba, ili siku za likizo zisitoke na desimali. Kwa hiyo aliyetakiwa kuanza likizo Julai 1, 2024 akatokea na 45474. Excel haijui Julai. Yenyewe inahesabu siku tu, Januari 1, 1900 ikiwa siku ya 1, halafu umbo la seli ndilo linaloivisha ile namba joho la tarehe. Mimi nililijua hilo kwa mbali, kama mtu anavyomjua shemeji wa rafiki yake. Bosi hakulijua kabisa, na alifungua faili kabla sijamwambia iko tayari.

"Huyu kijana wa usafirishaji," akaniuliza mbele za watu, "anaomba siku 45,474?"

Mtu akapiga hesabu kwenye simu. Miaka 124 na ushei.

Nikasema nipeni dakika mbili. Nikaichagua kolamu yote, nikaipa umbo la tarehe, na kweli Julai akarudi. Ila yuko mzee wetu wa stoo, mtu ambaye hajaomba likizo miaka nenda rudi, na kwenye shiti yangu tarehe yake ilikuwa tupu. Sasa fomula ikienda kwenye seli tupu hairudi mikono mitupu. Inarudi na sifuri. Na sifuri ukiivisha joho la tarehe inakuwa 00/01/1900.

Bosi akavua miwani, akaifuta, akaivaa tena. "Mzee ameanza likizo tarehe sifuri, Januari, 1900?"

Chumba kizima kimya. Halafu mhasibu, bila kuinua macho, akasema, "Ndiyo maana tukienda stoo hatumkuti."

Jioni nikabaki kumalizia rangi. Ipo ile brashi ya kunakili umbo. Unachagua unachokipenda, unagusa brashi, unagusa unapopataka. Nikaichagua shiti ya Likizo nzima, nikagusa brashi, nikaenda shiti ya Bosi nikagusa seli ya kwanza kabisa. Paa! Kijani mahali pake, nyekundu mahali pake, mistari, wino, hadi upana wa kolamu. Nikazima taa nikaondoka napiga mluzi.

Asubuhi bosi akanipigia. Imependeza sana, hongera. Ila majina yafuate alfabeti basi.

Nikapanga kwa alfabeti kwenye shiti yangu, kubofya mara moja. Kwangu kila jina lilihama na rangi yake, kama konokono na nyumba yake. Nikatazama, nikaridhika, nikaihifadhi. Shiti ya Bosi sikuifungua. Nifungue ya nini, si imeunganishwa?

Imeunganishwa, ndiyo, kwa majina. Kule kwa bosi majina yalihama yote kufuata alfabeti, lakini rangi nilizipaka kwa brashi, na rangi iliyopakwa inakaa ilipopakwa. Ni kama mgeni aliyehama kiti ukumbini akaacha kikaratasi chenye jina lake kwenye kiti cha zamani, na mhudumu anayefuata vikaratasi akamwendea mwingine na sahani yake.

Bosi akafuata vikaratasi. Hadi saa sita barua 46 zilikuwa zimeshatoka.

Wa kwanza kuingia alikuwa dada wa mapokezi. Hakubisha hodi. Akaweka barua mezani, akaigeuza taratibu kwa kidole kimoja hadi maandishi yakanielekea mimi.

"Kaka," akasema, "mimi nimekukosea nini?"

Nikasoma. Amekataliwa. Huyu nilimpa kijani kwa mkono wangu, wiki mbili kabla.

"Dada, hebu subiri, hiyo ni rangi tu..."

"Rangi tu?" Akacheka kile kicheko kisicho na furaha. "Nimeshakata tiketi, kaka."

Nyuma yake ilikuwepo foleni. Kijana wa miaka 124 alikuwa wa tatu.

Usiku ule nilikaa na faili kama mtu anayeuguza. Safari hii nilifanya nilichopaswa kufanya siku ya kwanza: nikaongeza kolamu inayoitwa Hali, nikaandika kwa maneno. Amekubaliwa. Asubiri. Amekataliwa. Maneno ni thamani, kwa hiyo fomula inayabeba. Halafu kila shiti nikaiwekea sharti lake: ukiona Amekubaliwa, jipake kijani. Rangi haina haja ya kusafiri tena. Inazaliwa huku na inazaliwa kule, na ukipanga kwa alfabeti au kwa urefu wa watu, inakwenda na mwenyewe.

Ningeishia hapo ningekuwa nimepona. Lakini mwisho kabisa, ili kuandika kichwa cha Hali kwenye shiti zote mbili kwa mpigo, nilizichagua pamoja, na nikasahau kuzitenganisha. Katika hali hiyo unachoandika kwenye moja kinaandikwa kwenye zote. Juu kabisa ya dirisha kuna neno dogo linalokuonya. Nani hutazama juu saa nne usiku? Nikajaribu seli moja pembeni, kwenye shiti yangu mwenyewe ya Likizo, nikaandika: dada wa mapokezi ataniua.

Bosi aliisoma saa mbili asubuhi. Alinipigia akaniambia tu, "Hata mimi nadhani hivyo."

Barua 45 zikarekebishwa. Iliyobaki ilikuwa ya mzee wa stoo. Alfabeti ilikuwa imempandisha kutoka safu ya 31 hadi ya 4, mahali palipokuwa na kijani cha mtu mwingine, na barua ikamfikia kwamba likizo yake imekubaliwa. Mzee hakuuliza swali. Alikunja koti, akamkabidhi mlinzi funguo, akaondoka.

"Mpigie arudi," bosi akasema.

Nikapiga. Nyuma yake nilisikia kuku na mtu anapasua kuni.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu. Ni wewe wa kompyuta?"

"Ni mimi. Mzee, pametokea kosa kidogo. Ile barua yako haikuwa..."

"Kosa lipi? Si mlisema wenyewe kikaoni niko likizo tangu 1900?"

"Ndiyo, mzee, lakini..."

"Basi niache nimalizie hizi siku mbili tatu zilizobaki, halafu nije."

Akakata. Nikamtazama bosi kupitia kioo cha mlango wake. Alikuwa ameinamia karatasi zake. Nikafungua faili, nikahakikisha mara mbili kwamba shiti zimetengana, nikateremka hadi jina la mzee. Kwenye kolamu ya Hali nikaandika: Amekubaliwa.

Seli ikageuka kijani, kwangu na kwa bosi.