Saspensheni ya kompyuta ikizingua, ijizime au iendelee kupambana?

Jirani yangu ana SUV ya mtumba yenye mabaluni ya hewa badala ya springi, jioni kaipaki iko freshi, asubuhi kaikuta imepiga magoti nyuma kama ngamia. Fundi akamwambia toa huo upuuzi tuweke chuma. Fundi hajakosea, ila hajapatia kote.

Maana kuna saspensheni zilizoenda mbali zaidi ya hapo, zina pampu ya mafuta, sensa za kimo kila tairi, na kompyuta inayonyanyua kona moja ya gari kabla bodi haijalala. Tamu sana. Sasa sensa moja ikidanganya kwamba kona ya mbele imeshuka, pampu itainyanyua kweli, na wewe uko 120 unaovateki lori.

Kuna wanaosema kompyuta ikiona utata ifunge valvu za mafuta ijizime, basi. Mercedes CL ya 1999 ilipokuja na mfumo wa aina hii uitwao ABC, springi ya chuma iliwekwa mstari mmoja na silinda ya mafuta, kwa hiyo presha ikikata bado kuna kitu kinabeba gari. Na hofu yao si ya bure, mwaka 1993 dereva wa Formula 1 (F1) Alex Zanardi alipiga mzinga wa kutisha na Lotus pale Spa, Ubelgiji, lawama ikaenda kwa saspensheni aktivu, yaani hii ya kompyuta. (F1 waliipiga marufuku msimu wa 1994, ingawa ishu kubwa ilikuwa teknolojia kumbeba dereva.)

Wengine wanasema kuzima ghafla ndo balaa lenyewe, uko katikati ya kona ya barabara gari lililosimama wima linalala mara moja na hujajiandaa. Bora sensa mbovu itupwe, kompyuta ipige hesabu kwa zile tatu, si bodi ni ngumu kama meza, ukijua kimo cha kona tatu za gari, cha ile ya nne unakipata. Shida ni barabara, tairi moja likiingia shimoni namba zinapishana hata sensa zikiwa nzima, kwa hiyo kompyuta ikiwahi kuamua itajizima kila ikikanyaga rasta za barabara ya Morogoro, ikichelewa ushaingia mtaroni.

Mimi naona presha ya mafuta ikipotea kompyuta ifunge valvu hapohapo, hakuna mjadala. Sensa ikizingua ilegeze mdogomdogo huku ikimpigia dereva kelele apunguze mwendo.

Jirani aliweka springi kweli. Taa ya njano kwenye dashibodi ikagoma kuzima, fundi akaibandika tepu nyeusi.