Jaji wa Altezza na Subaru

Jamani Tabora hatuna uwanja wa mashindano ya magari ila ubishi tunao, tena wa kugawia mikoa ya jirani. Washkaji zangu wawili, mmoja tumwite Altezza mwingine Subaru maana hawana maisha mengine zaidi ya hizo gari, walikuwa hawalali kisa gari ipi kali kwenye kona, mwisho wakanichagua mi niwe jaji eti kwa vile sina gari basi sina upande.

Altezza anayo ile RS200, injini 3S-GE lita mbili bila turbo (kile kifaa cha kuisukumia injini hewa zaidi), nguvu ya farasi 210, gia sita za mkono, inasukumwa na tairi za nyuma. Subaru ana Impreza WRX ya wagoni, lita mbili vilevile lakini turbo ipo, farasi 250, tairi zote nne zinafanya kazi. Kwa makaratasi mechi imeisha, ila Altezza akawa anasema ye akikanyaga mafuta injini inaitika hapohapo haisubiri turbo iamke, na kwenye kona anageuza gari kwa mkia wakati Subaru pua yake inataka kwenda moja kwa moja hadi Sikonge. Hapo kidogo alikuwa na pointi.

Kwenye kuboresha mi niliwaambia anzeni na tairi, pedi za breki na oili ya breki, farasi waje baadaye. Altezza akaenda kununua ekzosi. Kelele ziliongezeka sana, spidi sijui. Subaru ndo alinisikia, akafunga pedi za maana.

Siku yenyewe tukaenda kwenye kiwanja cha changarawe nje ya mji, tukapanga matairi mabovu yawe kona. Subaru akaanza kupunguza uzito, katoa siti za nyuma, katoa spea taya, katoa jeki, hadi kapeti, AC kazima eti inakula nguvu, kwa hiyo vioo chini vyote. Kilichobaki kwenye buti ni ndoo ya lita 20 ya asali ya mama yake iliyokuwa inasubiri kupelekwa stesheni. Lita moja ya asali ni kama kilo 1.4, piga hesabu mwenyewe, katoa kila kitu kaacha kilo 28!

Na Altezza nilishazunguka vizuri tu, nikashuka nimekula vumbi basi. Nikaingia Subaru. Jamaa kanyoosha, turbo ikaamka, mi nimeshika simu nahesabu sekunde, tunafika kona ya kwanza akakanyaga breki, na zile pedi zinashika kweli nawaambia, gari ikasimama ndoo haikusimama, ikaja yote mbele ikagonga siti yangu mfuniko ukaruka, asali ikanimwagikia kuanzia kisogoni mpaka kwenye gia. Usukani ukawa unateleza, Subaru anapiga kelele "mama! mama!", mi nikadhani tunakufa kumbe anawaza ndoo.

Tukashuka tunajifuta kwa majani. Sasa huku kwetu nyuki hawaalikwi, kwanza alikuja mmoja kukagua, akaondoka, sijui aliwaambia nini wenzake. Mi nikakimbilia Altezza, yule bwana akaniangalia nilivyochuruzika akapandisha vioo, akafunga milango, akaondoka na ile ekzosi yake inanguruma kama simba mwenye mafua. Tukatoka mbio kwa miguu hadi barabarani, na ukiwa na asali mgongoni huwezi kumkimbia nyuki, unambeba.

Jioni kijiweni ubishi ukaanza upya. Altezza anasema Subaru haikumaliza raundi, kwa sheria za mashindano popote duniani imeshindwa. Subaru anasema matokeo yafutwe, ye alibeba mzigo mwenzake hakubeba, na bado ana kesi ya ndoo nyumbani. Wakanigeukia jaji nitoe uamuzi. Jicho moja lilikuwa limevimba limejifunga kabisa, nikawaambia mi nimeona nusu, kwa hiyo sare.