Mpango wa Mabadiliko Uandikiwe Zamu ya Usiku

Hapa Dodoma mwongozo wa afya hausafiri mbali. Wizara iko Mtumba, Hospitali ya Benjamin Mkapa iko jirani na Chuo Kikuu cha Dodoma, na General, yaani Hospitali ya Rufaa ya Mkoa, iko mjini. Waraka ukisainiwa leo, kesho unaweza kuwa umebandikwa ukutani wodini. Kutoka ukutani hadi kitandani kwa mgonjwa, hapo ndipo miaka inapopotelea. Mimi ni mkunga na nafundisha wakunga, na maoni yangu ni kwamba tunakwama kwa sababu mipango yetu huandikwa na watu wa mchana, wakiwafikiria watu wa mchana. Saa nane ya usiku, mkunga akiwa peke yake na wazazi watatu leba, unakuta hakuna aliyempangia chochote.

Nichukue jambo linaloniuma kuliko mengine: mama kutokwa na damu nyingi baada ya kujifungua. Mwaka 2023 yalitoka matokeo ya jaribio kubwa liitwalo E-MOTIVE, lililofanyika katika hospitali 80 za Kenya, Nigeria, Afrika Kusini na hapa kwetu Tanzania, likihusisha wanawake zaidi ya 210,000 waliojifungua kwa njia ya kawaida. Katika hospitali zilizopewa utaratibu mpya, mama alitandikiwa shuka la plastiki lenye mfuko wa alama za mililita. Damu ikifika kiwango cha hatari, mkunga anafanya yote kwa mkupuo: anakanda mji wa mimba, anatoa oksitosini ya kukaza mji wa mimba na traneksamiki ya kusaidia damu kuganda, anatundika dripu, anakagua damu inatokea wapi, na hali ikizidi anaita msaada. Hospitali nyingine ziliendelea na utaratibu wao wa siku zote. Waliopata madhara makubwa, yaani kupoteza lita moja ya damu au zaidi, kupasuliwa tumbo kwa ajili ya damu hiyo, au kufariki kwa sababu yake, walikuwa asilimia 1.6 upande wa utaratibu mpya na asilimia 4.3 upande wa pili.

Ni matokeo ya kufurahisha, na kwa kuwa yanafurahisha ndiyo maana nataka tuyasome kwa utulivu. Madhara matatu yamewekwa kapu moja. Lililoshuka sana ni lile la kupoteza lita moja. Vifo peke yake vilikuwa vichache mno kuonyesha tofauti ya uhakika. Kwa hiyo anayesimama kwenye kikao akasema shuka hili limepunguza vifo vya kina mama kwa asilimia 60 anasema jambo ambalo utafiti haukulisema. Sisemi hivyo kuudharau. Mama aliyeingia leba na upungufu wa damu, akapoteza lita nzima mahali ambapo damu ya kuongezewa iko mwendo wa saa mbili, yuko karibu sana na kaburi, na kumzuia asifike hapo kunanitosha kabisa kama sababu ya kubadilisha kazi yangu.

Kisha niulize: zilikuwa hospitali za namna gani? Zilikuwa zenye wazazi wengi na uwezo wa kufanya upasuaji. Zahanati ya kijijini Chemba au Bahi haina chumba cha upasuaji. Pale, kuita msaada maana yake ni kupiga 115 ya m-mama, mpango wa usafiri wa dharura wa kina mama, na kusubiri gari. Mpango wa zahanati hiyo hauwezi kuwa nakala ya mpango wa General. Uanze na simu na chaji, na nani atabaki na mama njiani dripu ikiwa mkononi. Ushahidi ni uleule, ila kazi inayotokana nao ni nyingine.

Kuna namba nyingine katika utafiti huo ambayo huwa haipewi nafasi, na mimi ndiyo iliyonishawishi. Upande wa utaratibu mpya, waliokuwa wakitokwa na damu nyingi waligunduliwa kwa asilimia 93. Upande wa pili, asilimia 51. Karibu nusu ya wanawake waliovuja damu kupita kiasi ndani ya hospitali hizo, mbele ya wataalamu, hawakugunduliwa. Wakunga hawa si wazembe. Sote tulifundishwa kukisia kwa macho, na khanga iliyolowa haikwambii mililita.

Ingawa khanga nayo ina historia yake katika sayansi. Mkoani Kigoma, miaka ya mwanzo ya 2000, watafiti waliwafundisha wakunga wa jadi kutumia khanga kama kipimo: mbili zikilowa, damu imezidi, chukua hatua. Napenda sana kazi ile. Ilichukua kitu ambacho kila mama anacho begani, ikakigeuza kuwa kipimo. Somo ninalolipata kwa wote wawili, wa Kigoma na wa E-MOTIVE, ni hilohilo moja: walimpa mkunga kitu cha kupimia kabla ya kumwambia aongeze umakini.

Kusoma nusunusu kuna hatari yake upande wa watoto pia. Mwaka 2011 jaribio la FEAST, lililofanyika Uganda, Kenya na Tanzania, Muheza ikiwemo, liliwashtua wengi. Watoto 3,141 wenye homa kali na mzunguko wa damu uliodhoofu waligawanywa kwa bahati nasibu. Miongoni mwa waliopewa maji mengi ya haraka mshipani, takriban asilimia 10.5 walifariki ndani ya saa 48. Kwa wasiopewa, asilimia 7.3. Tiba iliyokuwa ikiaminika kabisa ilikuwa inaua. Lakini fungua ukurasa unaoeleza nani aliingizwa na nani aliachwa: watoto wenye kuhara na wenye utapiamlo mkali hawakuwemo. Aliyesoma kichwa cha habari tu anaweza kumnyima maji mtoto wa Mpwapwa mwenye kuhara, macho yakiwa yamedidimia, akidhani anafuata ushahidi. Ukurasa ule wa nani aliachwa ndio ninaowaambia wanafunzi wangu waanze nao.

Sasa semina. Haydom, hospitali iliyoko Mbulu mkoani Manyara, ilitupa ushahidi ambao ungepaswa kubandikwa katika kila ofisi inayopanga mafunzo. Wahudumu walifundishwa kwa siku moja jinsi ya kumsaidia mtoto mchanga anayeshindwa kupumua. Kwenye mdoli wakafanya vizuri kuliko awali. Leba, kwa watoto halisi, utendaji haukubadilika. Baadaye hospitali hiyohiyo ikaleta mazoezi mafupi ya mara kwa mara palepale kazini, na vifo vya watoto ndani ya saa 24 vikashuka kutoka 11.1 hadi 7.2 kwa kila vizazi hai 1,000. Huo wa pili unalinganisha kabla na baada, hauna kundi la pembeni la kulinganisha, hivyo mengine yaliyobadilika kipindi hicho huenda yalichangia. Hata hivyo naupima pamoja na ule wa kwanza na sioni namna ya kuendelea kutetea siku moja ya ukumbi, chai, cheti na posho kana kwamba hiyo ndiyo njia ya kubadilisha wodi.

Mpango ninaouamini ni mdogo na unakera kwa udogo wake. Wodi moja. Jambo moja. Unaanza kwa kwenda usiku kuuliza: traneksamiki iko wapi, ndani ya kabati lililofungwa au kwenye trei? Ufunguo anao nani? Friji ya oksitosini, umeme ukikatika, nani anajua? Shuka la kupimia likiisha Ijumaa jioni stoo imefungwa, tunafanyaje? Niliwahi kuona katika hospitali moja mpango wenye kurasa nyingi, umejaa malengo na viashiria, na neno ufunguo halimo popote.

Na waulizwe kwanza wakunga wakongwe. Mara nyingi tunawaita wagumu wa kubadilika. Dada hawa wamepokea miradi mingi iliyokuja na fulana ikaondoka na magari yake, na wana haki ya kuuliza huu utakaa muda gani. Anayefika na utafiti mkononi ampe sista wa wodi heshima ya kuusoma pamoja naye na kuupinga. Hinari, iliyoanzishwa na Shirika la Afya Duniani mwaka 2002, inatuwezesha kupata majarida kupitia taasisi zilizosajiliwa; dakika 20 baada ya ripoti ya asubuhi, utafiti mmoja, kwa Kiswahili, zinatosha kuanzia.

Kupima tusitafute fomu mpya. Vitabu vya MTUHA, mfumo wa taarifa za huduma za afya, vipo na vinajazwa. Tatizo ni kwamba namba zake hupanda wilayani na mkoani, zikashindwa kurudi kwa aliyeziandika. Kila mwezi zibandikwe wodini: wangapi walipimwa damu, wangapi walivuja, wangapi walipata tiba yote. Miezi mitatu ikipita hazijasogea, tukubali mpango una kasoro, tuuandike upya pamoja na walio zamu.

Kwa waganga wakuu wa wilaya na timu zao nina ombi. Mnapoandaa Mpango Kabambe wa Afya wa Halmashauri, mashuka ya kupimia damu yaingie katika orodha ya vifaa vya kawaida vya kujifungulia, pamoja na glavu na pamba, yanunuliwe kwa fedha zetu bila kusubiri mfadhili. Mwaka wa fedha unaanza Julai na mstari huo wa bajeti unaandikwa miezi kadhaa kabla, kwa hiyo mazungumzo na wakunga yaanze mapema, kabla rasimu haijafungwa.