Waulizeni watoro wa Fort Monroe

Kuna hoja inazunguka mitandaoni kwa Kiswahili fasaha kabisa, na kila nikikutana nayo najikuta nabishana na watu nisiowajua: eti Vita vya Wenyewe kwa Wenyewe vya Marekani, vya 1861 hadi 1865, havikuwa vya utumwa. Vilikuwa vya ushuru wa forodha, wanasema. Vilikuwa vya haki za majimbo. Kisha wanamalizia kama mtu aliyeshika turufu: Lincoln mwenyewe, rais wa Marekani wakati wa vita, alisema hana nia ya kufuta utumwa!

Hilo la Lincoln ni kweli, na nitalifikia. Hayo mengine ni utetezi wa walioshindwa, yaani majimbo ya Kusini yaliyojitenga na Marekani, na ulishika kasi baada ya kushindwa. Mimi napenda kumsikiliza mtu alivyosema asubuhi anaondoka kwenda vitani, kabla hajarudi na bandeji kichwani.

South Carolina ndilo jimbo la kwanza kujitenga, tarehe 20 Desemba 1860, wiki chache tu baada ya Lincoln kuchaguliwa. Likatoa tamko la kueleza sababu zake. Ukilisoma tamko hilo, lalamiko kubwa utakalolikuta ni kwamba majimbo ya Kaskazini yanakataa kuwarudisha watoro. Yametunga sheria zao yenyewe za kuwakinga watu waliotoroka utumwani, na serikali kuu haiyabani. Yaani Kaskazini ilishtakiwa kwa kosa la kutumia hizo hizo haki za majimbo. Mississippi nayo, Januari 1861, haikuzunguka mbuyu: ilitangaza kwamba msimamo wake umefungamana kabisa na utumwa. Na Alexander Stephens, makamu wa rais wa serikali mpya ya majimbo ya Kusini yaliyojitenga, alisimama Savannah tarehe 21 Machi 1861 akasema waziwazi kwamba jiwe la msingi la serikali yao ni imani kuwa mtu mweusi si sawa na mweupe, na kwamba utumwa ndio hali yake ya asili. Katiba yao ilipiga marufuku sheria yoyote ya kuwanyima watu haki ya kumiliki watumwa. Tena ikampa mwenye watumwa haki ya kuingia nao jimbo lolote, hata kama wenyeji wa jimbo hilo hawataki. Haki za majimbo zilikuwa wapi hapo?

Kuhusu ushuru sitakawia. Sheria ya ushuru mkubwa inayotajwa ilitiwa saini Machi 1861, wakati majimbo saba yalikuwa yameshaondoka. Ilipita katika Seneti kwa urahisi kwa sababu maseneta wa Kusini walikuwa wamefungasha virago.

Hesabu yenyewe haina fumbo. Marekani ya 1860 ilikuwa na watu wapatao milioni 31, na karibu milioni 4 kati yao walikuwa watumwa. South Carolina na Mississippi, zaidi ya nusu ya wakazi walikuwa mali ya watu wengine. Pamba waliyoichuma ilikuwa zaidi ya nusu ya thamani ya bidhaa zote ambazo nchi ile iliuza nje. Matajiri wa Kusini hawakuhitaji falsafa ili wajue wanachokilinda.

Baada ya kushindwa, ndipo ngano ikaanza kusukwa. Stephens yule yule aliandika majuzuu mawili mazito kudai kwamba ugomvi ulihusu muundo wa serikali. Chama cha mabinti wa Kusini, kilichoundwa 1894, kikaieneza ngano hiyo kwa vitabu vya shule na sanamu. Sanamu ya Robert E. Lee, jenerali wa Kusini, ilisimikwa Richmond mwaka 1890, miaka 25 baada ya vita kwisha, na haikushushwa mpaka 2021. Vizazi vinne au vitano vimekua vikiitazama. Sishangai kwamba ngano hiyo imesafiri hadi kwenye simu zetu.

Sasa Lincoln. Katika hotuba ya kuapishwa, Machi 1861, aliahidi kutougusa utumwa pale ulipo. Agosti 1862 alimwandikia mhariri Horace Greeley kwamba kama angeweza kuokoa Muungano, yaani Marekani iliyo moja, bila kumwacha huru mtumwa hata mmoja, angefanya hivyo. Alikuwa na sababu zake za kisiasa: Kentucky, Missouri, Maryland na Delaware yalikuwa majimbo yenye watumwa yaliyobaki upande wake, na aliogopa kuyapoteza. Lakini watu wanachanganya maswali mawili. Kaskazini ilianza kupigana ili kuurudisha Muungano, sawa. Swali la pili ni nani aliuvunja, na kwa sababu gani, na jibu lake tumeshalisoma kwa maneno ya waliouvunja.

Kuna kundi la tatu ambalo wabishi wa pande zote hulisahau, na kwangu mimi hao ndio mashahidi wa kuaminika kuliko Stephens na Lincoln. Usiku wa tarehe 23 Mei 1861, siku ile ile wapiga kura wa Virginia walipoidhinisha kujitenga, wanaume watatu watumwa, Frank Baker, Shepard Mallory na James Townsend, walipanda mashua wakavuka maji hadi Fort Monroe, ngome iliyobaki mikononi mwa jeshi la Muungano. Walikuwa wakitumikishwa kujenga boma la mizinga la Kusini upande wa pili, na walipata habari kwamba watapelekwa mbali, North Carolina. Mahali walipotia nanga palikuwa pale pale ambapo Waafrika wa kwanza waliofikishwa Virginia walishushwa mwaka 1619.

Kesho yake akaja ofisa wa Kusini na bendera nyeupe kuwadai. Sheria ya 1850 inasema watoro warudishwe, alisema. Kamanda wa ngome, Benjamin Butler, alikuwa wakili kabla ya kuwa jenerali, na wala hakuwa mpinga utumwa. Mwaka uliotangulia alimpigia kura mara nyingi Jefferson Davis, huyo huyo rais wa Kusini, ateuliwe na chama chao cha Democratic kugombea urais. Lakini akajibu kiwakili: ninyi mnasema Virginia ni nchi ya kigeni, basi sheria za Marekani haziwahusu. Na kwa kuwa mnawatumia watu hawa kujenga boma la mizinga dhidi yangu, nawatwaa kama ngawira.

Jibu lenyewe linaudhi, kwa maana bado liliwahesabu watu kuwa mali. Watumwa wa jirani hawakungoja lisahihishwe. Baada ya siku mbili tatu makumi walikuwa langoni, kisha mamia, wazee na watoto kwa mama zao. Agosti Bunge likatunga sheria ya kuwatwaa watumwa waliotumikishwa na jeshi la Kusini. Mwaka uliofuata Robert Smalls, mtumwa aliyekuwa rubani wa meli kwa kazi lakini si kwa cheo, aliiendesha meli ya Kusini iitwayo Planter kutoka bandari ya Charleston alfajiri, na familia yake ndani, akaikabidhi kwa Muungano. Tangazo la Lincoln la tarehe 1 Januari 1863, la kuwaacha huru watumwa wa majimbo yaliyoasi, liliwakuta watu wameshaanza safari. Hadi vita vinakwisha, wanajeshi weusi wapatao 180,000 walikuwa wamepita katika jeshi la Muungano. Wakati Lincoln bado anasema vita si vya utumwa, watoro hao walishavisoma vizuri zaidi yake.

Sisi wa pwani ya Afrika Mashariki hatupaswi kulikuta jambo hili geni. Merikani tuliyoivaa kuanzia Unguja hadi Ujiji ilifumwa viwandani Massachusetts kwa pamba ya watumwa, ikabadilishwa kwa pembe za ndovu. Vita vilipoanza ikaadimika, na vitambaa vya Uingereza na India vikachukua nafasi yake. Kwa hiyo anayeniambia Kaskazini hawakuwa watakatifu, simpingi. Na watoro tulikuwa nao wetu. Waliokimbilia misheni ya Rabai walifika zaidi ya elfu moja, mabwana wao wa Mombasa wakawadai, na mwanzoni mwa 1889 kampuni ya Waingereza ikatoa fedha ili waachwe. Fedha zilikwenda kwa waliowamiliki.

Washington ilikuwa imeshafanya vivyo hivyo Aprili 1862, Bunge lilipofuta utumwa katika mji mkuu. Serikali ilitenga hadi dola 300 kwa kila mtumwa, zilipwe mwenye mtumwa, na mfanyabiashara wa watumwa kutoka Baltimore aliitwa kuja kuwathamini. Walioachwa huru nao walitengewa kitu: hadi dola 100 kila mmoja, kwa sharti kwamba wahame nchi, waende Haiti au Liberia.