Rwenzori si Kilimanjaro ndogo

Wengi huenda Rwenzori wakiwa wamejiandaa kwa baridi na hewa nyepesi, kana kwamba ni Kilimanjaro iliyopunguzwa kimo. Hapo wamekosea adui. Rwenzori, adui ni maji.

Kilimanjaro ni volkeno. Mvua yake nyingi huishia msituni, na ukishapita mita 4,000 unakanyaga vumbi. Rwenzori haikuzaliwa na volkeno: ni pande la miamba ya kale lililoinuliwa kati ya nyufa za Bonde la Ufa, mpakani mwa Uganda na Kongo, lenye urefu wa kilomita 120 hivi. Unyevu utokao bonde la Kongo hugonga ukuta huo, hupanda, hupoa na kumwagika, mvua chini, theluji juu. Ndiyo maana Margherita, kilele cha mita 5,109 jirani kabisa na ikweta, hushinda kimefunikwa na mawingu.

Kiangazi, yaani Desemba hadi Februari na Juni hadi Agosti, kinapunguza mvua tu, hakiikomeshi. Anayekuahidi safari kavu anakuuzia maneno.

Kwa hiyo anza na miguu. Hadi kambi ya Elena, mita 4,541, vaa gambuti zinazofika karibu na goti na zinazobana kisigino; zikilegea, tope huzing'ang'ania na mguu hutoka mtupu, au soksi hujikunja na kuleta malengelenge. Kwenye vinamasi vya bonde la Bujuku, kanyaga katikati ya kishungi cha nyasi. Ukikanyaga ukingoni kinapinduka, nawe umezama hadi pajani. Viatu vya barafu, soksi za kilele na glavu za akiba vikae ndani ya mfuko usiopitisha maji, visifunguliwe kabla ya Elena. Kiatu cha ngozi kikilowa huko hakikauki.

Juu, ondoka kabla ya saa kumi alfajiri, maana ukungu huwahi kupanda na miamba yenye kuvumwani, ule utando unaoota juu ya mawe, huteleza vibaya. Ramani za zamani za njia ya barafu usiziamini sana. Mwaka 1906, mpanda milima wa Kiitalia Luigi Amedeo alipofika kileleni, barafu ya milima hii ilizidi kilomita 6 za mraba. Leo haifiki hata 1. Inapojitenga na mwamba huacha nyufa, na palipopitika mwaka jana huenda pakahitaji kamba. Muulize kiongozi aliyepanda mwezi huu huu.