Ile klipu ya "Haya bosi, kwaheri": ukweli wenyewe huu hapa

Wakuu, ile klipu ya onyesho langu darasani, najua mmeshaiona. Mwenzangu wa chumba kairusha kila grupu, na maelezo juu eti nimetengeneza programu ya kumtukana mwalimu. Muongo mkubwa. Nilitengeneza sheli. (Ya kompyuta, ile programu inayopokea amri unazoandika na kuziendesha, msianze kuniuliza bei ya petroli.)

Kazi ilikuwa ya lugha ya C, ya kawaida tu: soma amri, katakata maneno, ita fork upate mchakato mtoto (nakala ya programu yako), mtoto aite execvp ageuke kuwa ls (amri ya kuorodhesha mafaili) au chochote ulichoandika, mzazi asubiri kwa waitpid. Mimi kwa sifa zangu nikaongeza mbwembwe. Inaposubiri amri inasema "Sema bosi", halafu jina la folda uliyomo. Ukiandika exit inajibu "Haya bosi, kwaheri". Na Ctrl-C nikaiziba kabisa, mtu asije akaniulia sheli katikati ya onyesho. Ikumbukeni hiyo Ctrl-C.

Asubuhi nikawa naijaribu kitandani, narukaruka na cd folda hii na ile. Vidole badala ya ls vinaandika sl. Inajibu "Amri haipo, bosi", inarudi "Sema bosi". Safi! Sikuizima. Nikafunika laptop, nikaenda nayo darasani hivyohivyo.

Onyesho likanyooka. Nikaeleza hadi kwa nini cd hapewi mtoto: akihama folda, anakufa na uhamisho wake, mzazi yuko palepale. Dokta, mwalimu wetu, akaridhika, akaja mwenyewe kwenye kibodi kufunga. Akaandika exit.

"Haya bosi, kwaheri."

Na chini yake, kwenye projekta: "Sema bosi [tamthilia_za_kituruki]"

Darasa likacheka kidogo, nami nikacheka. Dokta akarekebisha miwani. Exit.

"Haya bosi, kwaheri."
"Sema bosi [cv_ya_kuchonga]"

Mgeni anaaga huku kashika sahani. Hapo ndipo akili ikanifunguka, bora hata isingefunguka. Execvp ikishindwa, mtoto wangu hafi. Anarudi juu ya kitanzi, ule mzunguko wa kusoma amri, anajifanya sheli kamili, mzazi kasimama nyuma anamsubiri. Kila sl ya asubuhi ilizaa sheli nyingine, na kila mzazi kabaki kwenye folda aliyokuwemo. Yaani Dokta, exit kwa exit, alikuwa anaitembea asubuhi yangu kinyumenyume. Na mimi nakumbuka nilikoanzia.

Nikabonyeza Ctrl-C. Kimya. Nikabonyeza kwa nguvu, sijui nilidhani haijanisikia. Kimya. Nikanyoosha mkono nifunge dirisha zima, akanizuia kwa kiganja: "Acha, kijana. Nataka kuona mwisho wake."

"Sema bosi [madeni_ya_bumu]"

Nyuma huko watu washaanza kupiga meza.

"Sema bosi [barua_kwa_CR]"

CR wetu, kiongozi wa darasa, anakaa mstari wa mbele, wakuu. Wa mbele kabisa. Aliinamia simu yake na hakuinuka tena. Mnaouliza kama barua ilikuwa ya kikazi, naomba tuendelee.

Kidole cha Dokta kikashuka tena, taratibu, cha mtu asiye na haraka ya kwenda popote. E. Nikatazama dari. X. Feni imesimama. I. Nikaanza kusali. T. Akatulia kidogo, akanitazama, ndipo akabonyeza Enter.

"Haya bosi, kwaheri."
"Sema bosi [asaimenti_ya_mnoko]"

Akaisoma kwa sauti, herufi kwa herufi, hadi vile vimstari vya chini (_). Akanigeukia. "Mnoko ndiye nani?"

"Ni folda, Dokta."

Mengine ni mafupi. Dawa yake ni mstari mmoja, _exit(127) chini ya execvp, mtoto afe hapohapo ikishindwa, basi. CR hajibu meseji. Dokta kanipa kazi ya ziada peke yangu, nitie mabomba (matokeo ya amri moja yaingie kwenye nyingine), ls | wc ifanye kazi, na nikaionyeshe tena mbele ya darasa zima.

Folda yake nimeiita dokta_wetu_mpendwa.