Printa ni ile ile, miongozo kumi ya nini?

Ukimtilia mtu Linux kwenye laptopu kuukuu hapa Darajani, haipiti wiki anarudi na suala la printa. Jawabu ni moja, awe na aina yoyote ya Linux, iwe Debian, Ubuntu au Fedora: kazi inafanywa na programu iitwayo CUPS, nawe unaisimamia kwa kuandika localhost:631 kwenye kivinjari. Kinachotofautiana ni amri ya kuisakinisha tu, apt huku, dnf kule, pacman kwa watu wa Arch, aina nyengine ya Linux. Hata hivyo kila mradi una ukurasa wake wa printa, ulioandikwa upya tangu mwanzo.

Kwangu mimi huo ni upotevu wa nguvu za watu. Na sote tunajua mtumiaji wa Ubuntu akikwama anakimbilia wapi: kwenye wiki (tovuti ya maelezo inayoandikwa na watumiaji wenyewe) ya Arch, mfumo ambao pengine hajawahi hata kuuona.

Kusoma si tatizo. Tatizo ni kuchukua. Wiki ya Arch iko chini ya leseni iitwayo GFDL, ya Gentoo, Linux nyengine, iko chini ya leseni ya Creative Commons BY-SA. Zote mbili zinakwambia nakili, badilisha, sambaza, almuradi utakachokitoa kibaki na masharti haya haya. Hapo ndipo penye mtego: kila moja inataka masharti yake yenyewe, kwa hiyo aya mbili za pande hizo huwezi kuzichanganya bila ya kuwaomba ruhusa walioziandika. Watu waliokusudia kugawana wamefungiana milango! Wikipedia ilihamia Creative Commons mwaka 2009, GFDL ilipotoa ruhusa ya muda kwa wiki kufanya hivyo, Arch haikuhama. FreeBSD, mfumo mwengine huria usio Linux, wana leseni nyepesi kwa miongozo yao, ukibakisha tamko la hakimiliki na masharti yake mafupi umemaliza. Ningeulizwa mimi, ningechukua hiyo.

Anayeandika kwa Kiingereza ana pa kupenyea: amri hazina mwenyewe, anasoma kisha anaandika kwa maneno yake. Sisi tunaotafsiri hatuna mwanya huo. Tafsiri inafungwa na haki za kazi ilikotoka, na Zanzibar ina sheria yake ya hakimiliki tangu 2003.

Mfano wa kuiga upo. Mradi wa manpages-l10n hukusanya kurasa za mwongozo kutoka Debian, Fedora, Arch, openSUSE na Mageia, ukazigawa aya kwa aya. Aya inayofanana kote hutafsiriwa mara moja tu. Mfasiri aliyekaa Wete na bando lake la usiku akimaliza aya chache, zinafaa kwa wote hao.

Ndiyo maana vijana wanaotaka kuandika "Ubuntu kwa Kiswahili" huwa nawauliza, kwa nini Ubuntu? Andikeni kwa kazi: kuunganisha printa, kutia waifai, kuweka nakala za akiba. Tofauti za amri ziwekeni kwenye kisanduku pembeni, pamoja na toleo mlilolijaribu. Na leseni itajwe juu ya ukurasa siku ile ile ya kwanza, maana kumsaka mwandishi aliyekwisha hamia Muscat, na barua pepe yake ya zamani haifunguki, ili tu akubali aya yake itumike kwengine, hiyo ni shughuli isiyo na mwisho.